Kibao cha namba kinachoning'inia: breketi unayoweza kujitengenezea nyumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tegeta, Dar es Salaam, na nina gari dogo la Toyota nililoagiza kutoka Japani. Masika haya kibao cha namba cha mbele kimenisumbua mara mbili. Mara ya kwanza kilidondoka kwenye dimbwi, watoto wakaniokotea. Mara ya pili nilikikuta kinaning'inia kwa skrubu moja. Kile kiplastiki cheusi cha kufungia namba kilichokuja na gari kimepasuka. Fundi wa hapa mtaani anataka kunichomelea chuma moja kwa moja kwenye bodi. Mimi nina drili, msumeno wa chuma na tupa. Je, naweza kujitengenezea breketi mwenyewe, na niitengeneze kwa kitu gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Unaweza, tena ni kazi ya jioni moja. Ila kabla hujaenda kutafuta bamba, kifunge kibao kilivyokuwa, chuchumaa mbele ya gari, shika ncha yake moja kwa vidole viwili uisukume mbele na nyuma. Ikicheza kama sikio la mbuzi, umeshauona ugonjwa. Kisha tazama kwa karibu pale skrubu zilipopita. Kwenye vibao vingi vinavyoletwa kwangu huwa kuna ufa mwembamba kama unywele unaoanzia ukingoni mwa tundu, na kuzunguka tundu lenyewe alumini imelika mpaka skrubu inapwaya. Huo ufa haukuja siku ya dimbwi. Umekuwa ukikua polepole kwa miezi, kila tuta, kila rafu rodi, kila ulipobamiza mlango wa bonneti. Unajua jinsi waya unavyokatika ukiukunja huku na huku? Ndivyo kibao kinavyokufa.

Chanzo kiko kwenye vipimo. Kibao cha kawaida cha gari dogo huko Japani kina urefu wa milimita 330 na kimo cha milimita 165, na bolti zake mbili zimeachana milimita 210. Gari linapofutiwa usajili kule ili lisafirishwe, vibao vyake hubaki hukohuko. Ndiyo maana lako lilishuka bandarini likiwa na kiplastiki kitupu. Sisi mbele tunafunga kibao kirefu cha mtindo wa Ulaya, chenye urefu wa karibu milimita 520 na kimo cha 110 hivi. Sasa piga hesabu. Bolti zimeachana 210, kibao kina 520, kwa hiyo milimita 310 ziko nje ya bolti, 155 kila upande, na sehemu kubwa ya hizo haina kitu nyuma yake zaidi ya hewa. Umefunga mbao ndefu kwa misumari miwili ya katikati halafu unashangaa ncha zinapigapiga.

Maji humalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Na usiyadharau: kibao cha ukubwa huo kikizama chote, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kinasukumwa na nguvu inayokaribia uzito wa kilo 90. Ni kama mtu mzima amekikanyaga. Linganisha na upepo: hata ukikimbia kilomita 100 kwa saa, hewa haikisukumi kwa kilo 3. Ncha zisizo na mgongo hukunjwa kwenda nyuma, maji yakarudi na kuzibetua mbele, na lile tundu lenye ufa linaachia. Habari njema ni kwamba nguvu ya maji hushuka haraka sana unapopunguza mwendo. Kwa kilomita 10 kwa saa inabaki robo tu. Anayevuka dimbwi taratibu anaokoa kibao, na anaokoa injini pia, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Kuhusu huyo fundi anayetaka kuchomelea: mshukuru, umwambie hapana. Sehemu ya mbele ya magari mengi ina vihisio vya mifuko ya hewa, na umeme wa kuchomelea si wa kuchezea karibu na kompyuta za gari. Joto litaunguza rangi kwa ndani na kutu itaanzia hapo. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine, na nilijifunza kwa kulipa. Miaka hiyo nilikuwa na Corolla, nikajitengenezea breketi ya flati baa, ule ukanda bapa wa chuma, ya unene wa milimita 6, nikaifunga kwenye chuma kilicho nyuma ya bampa. Nilijiona hodari, maana ungeweza kuisimamia. Siku moja nikiwa naegesha nikaligusa geti la nyumbani, kugusa tu, bampa lenyewe lilirudi likakaa sawa bila mchubuko. Breketi haikurudi. Ncha yake ilikuwa imeingia kwenye kondensa ya kiyoyozi, ile inayokaa mbele ya rejeta, gesi ikatoka yote huku naisikia inavyolia. Tangu siku hiyo sitengenezi breketi yenye nguvu kuliko vitu vilivyo nyuma yake. Bampa limeundwa kubonyea na kurudi, nayo breketi ikae juu ya bampa, ibonyee nalo, na ikizidiwa ijikunje yenyewe.

Sasa malighafi. Chaguo langu la kwanza kwa gari kama lako ni bamba la alumini la unene wa milimita 2. Kipande cha sentimita 50 kwa 10 kina uzito wa gramu 270 hivi. Cha chuma cha unene huohuo kinakaribia gramu 800, na kwako Tegeta, karibu na bahari, chuma hicho kitaanza kulia machozi ya kutu juu ya bampa kabla masika mengine hayajafika. Alumini unaipata kwa wanaotengeneza madirisha au kwa wauza vyuma chakavu. Kwa wauza chakavu fumbua macho: ukiona bamba lina mabaki ya rangi ya kung'aa ya alama ya barabarani, liache. Unajua limetoka wapi.

Chaguo la pili litakuchekesha: kibao cha plastiki cha kukatia nyama, kile cheupe kizito cha jikoni, chenye unene wa kama milimita 10. Nimekitumia mara kadhaa na sina malalamiko. Kinakatika kwa msumeno wa kawaida, hakijui kutu, kinameza mtikisiko, na kikigongwa kinapinda badala ya kuchoma rejeta. Ubaya wake ni kwamba gundi wala rangi havishiki juu yake, kwa hiyo usipoteze muda kupaka. Na jua likikipiga miaka mingi kitakuwa kigumu cha kupasuka. Kikikaa nyuma ya kibao cha namba, jua halikifikii sana. Usimwibie mama mwenye nyumba, nunua chako. Plaiwudi sahau, inakunywa maji na kuvimba. Plastiki ya dumu nayo ni laini mno.

Tuseme umepata alumini. Anza kwa kuondoa kile kiplastiki kilichopasuka. Bolti zake ni za milimita 6, spana namba 10 inazifungua. Angalia zilikuwa zimeshika nini: mara nyingi ni vinati vya plastiki vilivyopachikwa kwenye bampa, na vikishaliwa havikazi tena. Vitoe. Tutapitisha bolti nzima mpaka nyuma na kuikaza kwa nati. Ili kufika nyuma, ama ingiza mkono kupitia uwazi wa shoo ya chini, ile sehemu ya mbele yenye wavu wa kupitisha hewa, ama fungua zile klipu za plastiki chini ya bampa ulilegeze kidogo. Klipu zikikatika usishtuke, ni kawaida yake, nunua nyingine.

Usilikate bamba kwanza. Kata boksi la karatasi. Tengeneza kipande cha milimita 500 kwa 100, yaani kidogo kuliko kibao pande zote ili breketi isichungulie. Chora mstari wa katikati kwa kusimama, pima milimita 105 kulia na 105 kushoto, toboa kwa msumari, lishikize boksi kwenye bampa kwa zile bolti mbili. Rudi nyuma hatua tano ulitazame. Hapa ndipo utagundua kama matundu ya bampa yako yako katikati kweli, na kama gari limewahi kubadilishwa bampa na mtu wa haraka. Rekebisha kwenye boksi, karatasi haina hasara.

Kitu kingine utakachokiona ni kwamba bampa lina tumbo. Katikati boksi limelala vizuri, ncha zimeachana na bampa kwa sentimita moja au mbili. Hapa wengi hukosea, wanakikunja kibao kifuate tumbo. Usifanye hivyo. Kibao kilichokunjwa kinasomeka vibaya kikitazamwa kwa pembeni, na hapo ulipokikunja ndipo kitakapopasukia. Breketi iache nyoofu. Pengo la kila ncha lijaze kwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu au cha kile kibao cha jikoni, ukikate taratibu kwa kisu mpaka kiguse bampa bila kulisukuma. Cha mpira kigandishe, cha plastiki kifunge, vyote kwenye breketi, si kwenye bampa. Hivi vipande viwili vidogo ndivyo vinavyonyamazisha breketi, na ndivyo mafundi wengi tunavyoviruka kwa sababu mteja havioni.

Ukilihamishia umbo kwenye alumini, kata kwa msumeno wa meno madogo. Pembe nne zizungushe kwa tupa mpaka uweze kupitisha kidole bila kuogopa; siku ukigusana na mtu wa baiskeli, pembe kali ya bamba ni kisu. Kabla ya kutoboa, gonga alama kwa msumari wa zege ili biti isiteleze. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, weka tone la mafuta, kisha panua kwa ya 6.5. Chini weka kipande cha mbao, la sivyo alumini itavimba upande wa pili. Yale matundu mawili ya katikati, moja liache la duara na la pili lirefushe kwa tupa ya duara kwenda pembeni kama milimita 4. Matundu ya bampa hayawahi kuwa sawasawa na ya kwako, na plastiki hutanuka kwa jua la mchana. Hilo tundu refu ndilo litakalokuokoa na kulazimisha bolti. Mwishowe zungusha biti kubwa kwa mkono kwenye kila tundu kuondoa ncha kali. Ufa hupenda kuanzia kwenye ncha hizo.

Kibao chenyewe kishike breketi kwa bolti nne, mbili kila ncha, karibu na ukingo, pale ambapo hakuna herufi wala tarakimu. Kwa namba zetu za T na tarakimu tatu na herufi tatu, ukingoni huwa kuna nafasi ya kutosha. Bolti inayopita katikati ya herufi inaweza kuigeuza ikasomeka kama nyingine machoni pa trafiki, na hapo utaeleza mpaka ukauke koo. Ukiona kibao chako cha zamani kina matundu yaliyoshapasuka katikati, mwisho wa ufa toboa kitundu kidogo cha milimita 2 au 3, ufa hautaendelea kwa urahisi, halafu uzito wote uhamishie kwenye zile bolti nne mpya. Ufa ukiwa umefika kwenye herufi, omba kibao kingine.

Sasa mpangilio wa kufunga katikati, nausema kwa kirefu kwa sababu ndiyo roho ya kazi. Kutoka mbele: bolti ya milimita 6 ya stenlesi, yenye kichwa kifupi ili kibao kiweze kulala juu yake bila kuinuka. Washa, yaani kile kipete bapa cha kuwekwa chini ya kichwa cha bolti. Bamba. Kisha washa ya mpira uliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kipande cha ukubwa wa sarafu chenye tundu katikati. Kisha plastiki ya bampa. Nyuma yake mpira mwingine, washa pana kadiri utakavyoipata, na nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Washa pana ndiyo inayozuia bolti kung'oka na kipande cha bampa. Mpira ndio unaoliacha bampa lipumue. Kaza mpaka mpira uanze kuvimba pembeni, basi. Ukiona bampa linabonyea umezidisha, rudisha nusu mzunguko.

Kama kichwa cha bolti bado kinakiinua kibao, kwenye zile bolti nne za pembeni weka washa za plastiki kati ya bamba na kibao kukilaza sawa. Washa hizo zina faida ya pili, zinakitenga kibao na vichwa vya bolti za katikati: alumini na stenlesi zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayolika, utaona unga mweupe kuzunguka tundu. Grisi kidogo kwenye kila bolti inasaidia pia. Chumvi ya bahari haina haraka, lakini haikosi siku.

Kipime kwa kukigonga na kifundo cha kidole, katikati halafu kila ncha. Kinatakiwa kutoa sauti moja nzito kote. Ncha ikijibu kwa mlio wa bati, kile kipande chako cha mpira hakijafika.

Kwa wasomaji wengine ambao bampa lao halina matundu yoyote, au mbele pote ni shoo tupu: chukua flati baa mbili za chuma za upana wa milimita 25 na unene wa 3, si zaidi, uzikunje kwenye jiliwa ziwe na umbo la kipandio cha ngazi, kama herufi Z, juu zishike chuma cha bampa kwa bolti kwenye tundu lililopo, chini zishike lile bamba. Kunja kwa mduara mdogo, usikunje kona kali, na chuma hiki ukipige msasa, praima, na rangi mikono miwili, usisahau ndani ya matundu. Acha angalau sentimita 5 kati ya ncha yoyote ya chuma na kondensa. Nilishasimulia kwa nini. Kibao kisifunike uwazi mkubwa wa rejeta, hasa kwa gari lenye turbo, na kisikae mbele ya kamera wala vihisio vya kuegeshea.

Kibao kisimame wima. Nimeona vijana wanakilaza kitazame juu ili gari lionekane la mbio. Kikilala hivyo, jua la mchana linakifanya king'ae kama sinia, na usiku mwanga wa taa za magari mengine hauakisiwi inavyotakiwa. Wala usiweke lile kava la plastiki nyeusi. Linalinda kibao, ndiyo, kwa maana ya kwamba hakuna atakayekisoma.

Swali ambalo hukuuliza ila litakuja: je, utumie riveti ili wezi wasikifungue? Mimi sipendi. Mwizi mwenye drili riveti haimzuii, na wewe siku ukitaka kufungua bampa utalazimika kuzitoboa. Bolti nne zenye nati za kujifunga zinamchosha mwizi wa haraka kiasi cha kutosha. Nyuma usiguse kitu kama hakijalegea. Magari ya Japani yameachiwa pale nafasi ya kibao kifupi chenye kimo kikubwa, ndiyo maana wengi hufunga kile cha mistari miwili, na kina mgongo wa bodi nyuma yake. Angalia tu taa ya namba inawaka.

Kikidondoka tena kabla hujamaliza kazi na safari hii watoto wasikione, usiandike namba kwenye boksi ukaendelea na safari. Anza kituo cha polisi utoe taarifa ya upotevu, ndipo uende TRA kuomba kingine. Ukimaliza kufunga, endesha wiki moja kwenye njia yako ya kila siku, kisha rudi na spana namba 10 ukague nati zote sita. Mpira wa tyubu hushuka kidogo siku za mwanzo, na nati moja au mbili zitakubali robo mzunguko.